Wanachuo Wengi, Wanachuoni Haba: Wasiwasi wa Mwalimu wa Chuo Kuhusu Elimu ya Kisasa Kusini mwa Pwani ya Kenya

Utangulizi

Neno chuo katika Kiswahili limebeba maana tatu. Maana ya kwanza ni kitabu. Ndiyo inayokutwa katika tungo za kale, ambamo vyuo ni vitabu. Maana ya pili ni mahali mtoto anapofunzwa kusoma Kurani, na mzee wa Msambweni anaposema kwamba mjukuu wake amekwenda chuoni, mara nyingi hukusudia huko. Maana ya tatu, iliyo changa zaidi, ni taasisi ya elimu inayofuata shule ya sekondari: chuo cha ualimu, chuo cha ufundi, chuo kikuu. Kutokana na neno hilo yamezaliwa majina mawili ya watu. Mwanachuo ni mtu aliyeandikishwa kusoma chuoni. Mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu. Kimaandishi, majina hayo yanatofautiana kwa silabi moja tu, -ni. Kimaana, silabi hiyo ni safari ya umri mzima.

Wasiwasi alio nao mwalimu wa chuo kuhusu elimu ya kisasa unaweza kuelezwa kwa silabi hiyo moja. Wanachuo wameongezeka kuliko wakati wowote katika historia ya Kenya. Wanachuoni hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Makala haya yanafafanua wasiwasi huo kwa kutumia mfano wa Kaunti ya Kwale, hasa ukanda unaoanzia Diani na Ukunda, ukapita Gazi, hadi Msambweni. Mwalimu anayerejelewa si mtu mmoja mwenye jina. Ni mwalimu yeyote anayewaandaa walimu wa kesho, hususan walimu wa Kiswahili. Yeye amesimama katika njia panda: hupokea kile kilichozalishwa na shule, kisha hukirudisha shuleni kikiwa na cheti mkononi. Kasoro akiiona leo kwa mwanachuo mmoja, anajua kwamba kesho itakuwa kasoro ya darasa zima.

Chuo cha kale: sifa na dosari zake

Kabla ya serikali ya kikoloni kujenga shule, vijiji vya Wadigo na Waswahili wa pwani ya kusini vilikuwa na vyuo vyao. Mtoto aliketi mkekani na ubao wake, akaandikiwa herufi, akazisoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Jambo la kuzingatiwa hapa ni namna alivyopanda daraja. Aliyefahamu alifutiwa ubao na kuandikiwa somo jipya. Asiyefahamu alibaki na somo lilelile mpaka alifahamu. Aliyetangulia alimsaidia aliyefuata. Kuhitimu nako kulishuhudiwa kwa masikio: mtoto alisoma, wazee wakasikiliza. Hakukuwa na karatasi ya kumtetea mtu aliyeshindwa kusoma.

Hata hivyo, si haki kuutukuza mfumo huo kupita kiasi. Watoto wengi walikariri Kiarabu wasichokielewa, na bakora ilifanya kazi mahali ambapo maelezo yangetosha. Dosari hizo hazikufichika hata machoni pa wanachuoni wa pwani wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na lile la Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani waitafute elimu ya dini pamoja na elimu ya dunia, na wasiwanyime watoto wa kike haki ya kusoma. Kwa hiyo, mwalimu wa leo anayehangaikia hali ya elimu si wa kwanza kufanya hivyo katika pwani hii. Anaendeleza mjadala uliofunguliwa karibu miaka mia moja iliyopita, tena kwa Kiswahili.

Tofauti kati ya zama hizo na hizi iko katika aina ya tatizo. Sheikh Al-Amin aliwaona watu walioiogopa shule, kwa kuwa nyingi ziliendeshwa na wamishonari na wazazi walihofia dini ya watoto wao. Mwalimu wa leo anaona watu wanaoipenda shule, wanaouza nazi na korosho ili walipe karo, lakini wanachopewa aghalabu ni ganda la elimu bila kiini chake.

Kutoka elimu hadi cheti

Mageuzi ya elimu nchini Kenya yamekuwa mengi. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliweka misingi ya elimu ya taifa huru. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilizaa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya kuukumbuka mfumo huo kwa wema, kwa sababu ndio ulioifanya lugha hii kuwa somo la lazima linalotahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mwezi Januari mwaka 2003, serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani kwa mkupuo mmoja. Katika sehemu kama Kinango na Lunga Lunga, ambako karo ndogo tu ilitosha kumweka mtoto nyumbani, hatua hiyo ilikuwa ukombozi.

Hata hivyo, mlango ulipopanuliwa, nyumba haikupanuliwa. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ya wanafunzi, na darasa la watoto themanini haliwezi kufunzwa kama darasa la watoto thelathini. Tafiti za Uwezo, zilizoanza nchini mwishoni mwa mwongo huo, zilimfuata mtoto nyumbani kwao na kumpa kazi za kiwango cha darasa la pili. Mojawapo ya matokeo yaliyoshtua ni kwamba, kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni watatu hivi tu walioweza kuzifanya kazi hizo. Mtoto alikuwa shuleni, jina lake limo katika rejista, lakini kusoma kulikuwa bado hakujamfikia.

Pamoja na hayo, mtihani uligeuka kuwa lengo badala ya kipimo. Ushahidi wake uko wazi. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A. Mwaka 2016, baada ya udhibiti kukazwa kufuatia kashfa ya wizi wa mitihani, waliopata alama hiyo walikuwa 141. Haielekei kwamba vijana wa Kenya walipoteza akili katika muda wa miezi kumi na miwili. Palipobadilika ni pale karatasi ilipolazimishwa kusema ukweli. Na mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilipoeleza kwamba vyeti ghushi zaidi ya 2,000 vimegunduliwa katika idara za serikali, ilidhihirika kwamba mantiki hiyo imefika mwisho wake: ikiwa kinachothaminiwa ni karatasi, atatokea mtu wa kuiuza.

Mtihani wa mwalimu wa chuo

Wanachuo wanapofika chuoni, huwa wamekwisha kulelewa na mantiki hiyo. Wengi ni werevu na wenye bidii. Waulizwapo sitiari ni nini, hutoa fasili bila kukosea neno. Wapewapo ukurasa wa riwaya waonyeshe sitiari ilipo na inafanya kazi gani, hunyamaza. Sababu haijifichi. Katika shule nyingi za upili, vitabu teule vya karatasi ya tatu ya Kiswahili husomwa kwa kupitia miongozo. Kijana hupita KCSE akiwa anayajua maudhui, wahusika na mbinu za lugha za riwaya teule, ilhali riwaya yenyewe hakuimaliza. Anayajua majibu ya maswali ambayo hakuyahisi kamwe. Tangu mwisho wa mwaka 2022, zana za akili unde zimeirahisisha zaidi njia hiyo: hata mwongozo hauna haja ya kusomwa, kwa kuwa insha nzima inaandikwa kwa dakika moja.

Hebu mwanachuo wa namna hiyo afuatwe hadi kwenye mazoezi ya kufundisha. Ameandaa somo la tashbihi kwa watoto wa Gredi ya 6 katika shule isiyo mbali na bahari ya Msambweni. Andalio la somo ni safi na maazimio ya kazi yamepangwa vizuri. Anawaomba watoto wamtolee mifano. Mtoto wa mvuvi anainua mkono na kusema, ‘Sokoni kumejaa kama maji ya bamvua.’ Mwanachuo anasita. Hajui bamvua ni nini, naye anaona haya kuuliza. Anamwambia mtoto aketi, kisha anaandika ubaoni mfano uliomo kitabuni: ‘Mweupe kama theluji.’ Darasa zima linanakili. Hakuna hata mmoja kati yao, pamoja na mwalimu, aliyewahi kuiona theluji.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa na fomu ya tathmini atautambua. Swali linalomkabili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwanachuo huyo ametimiza kila kitu kinachodaiwa na fomu: ameingia kwa wakati, amevaa vizuri, ametumia ubao, amefikia malengo aliyoyaandika. Akipewa alama nzuri, hakuna atakayelalamika. Akiangushwa, kuna mama aliyeuza mbuzi na wajomba waliochangishana, wanaomsubiri mwalimu wa kwanza katika ukoo. Huruma inamvuta mtathmini upande mmoja, hesabu inamvuta upande wa pili. Mwalimu anayekabidhiwa darasa la watoto 40 kila mwaka, kwa miaka 30 ya utumishi, hupitiwa na watoto 1,200. Alama moja ya huruma huenda ikawa deni linalolipwa na watoto 1,200 wasiokuwepo kikaoni.

Lugha ya nyumbani na kalamu nyekundu

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mfano wa bamvua unafunua wasiwasi mwingine. Kwale ni eneo lenye utajiri wa lugha. Kuna Chidigo na Chiduruma, ambazo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili katika jamii ya lugha za Kibantu. Kuna Chifundi na Kivumba, ambazo ni lahaja za Kiswahili chenyewe, zinazozungumzwa kuanzia sehemu za Gazi na Funzi hadi Wasini na Vanga. Ingetarajiwa kwamba mtoto wa huku aingie darasa la Kiswahili kama mtu anayeingia nyumbani kwa shangazi yake. Badala yake, mara nyingi huingia kama mshtakiwa.

Akiandika chitabu badala ya kitabu, atu badala ya watu, au madzi badala ya maji, kalamu nyekundu humwambia kwamba amekosea, na hapo somo huishia. Mwalimu aliyefunzwa vizuri angeona kitu kingine kabisa. Angeona kwamba mtoto hakukosea ovyo, bali amefuata kanuni: kiambishi chi- cha Chidigo hulingana na ki- cha Kiswahili sanifu, na a- ya wingi wa watu hulingana na wa-. Dakika tano za ulinganishi zingemfundisha mtoto ngeli za nomino bila machozi, tena zingemfanya aiheshimu lugha ya mamake na Kiswahili kwa pamoja. Isimu linganishi, ambayo vyuoni huonekana kuwa somo la kupita mtihani, ndiyo dawa aliyoihitaji mtoto huyo.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili sanifu chenyewe kilichaguliwa. Katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyoteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na lahaja nyingine zikabaki kando. Uteuzi huo ulikuwa na faida zake, na makala haya hayakusudii kuupinga. Linalosisitizwa ni kwamba usanifu ni mkataba wa maandishi, si hukumu juu ya akili ya mtoto. Sera ya elimu nayo, tangu Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 hadi mtaala wa sasa, imeelekeza lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa ya mwanzo. Sera ipo, anayekosekana ni mwalimu aliyeandaliwa kuitekeleza.

Mtaala wa Umilisi: ahadi na hatari

Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 ulitokana, kwa kiasi kikubwa, na malalamiko yayo hayo. Unataka mtoto apimwe kwa anachoweza kufanya. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 7 mwaka huohuo, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Vyuo vya ualimu pia vilibadilika: cheti cha P1 kiliondolewa, na tangu mwaka 2021 wanachuo wa ualimu wa shule za msingi husomea stashahada.

Kifalsafa, mtaala huu unakaribiana na chuo cha kale kuliko wengi wanavyodhani: mtoto hupanda baada ya kumudu, na umilisi hushuhudiwa kwa matendo. Na Kwale haikosi mahali pa kuutekeleza. Katika kijiji cha Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wa mikoko tangu miaka ya mwanzo ya mwongo wa 2010, na sehemu ya mapato imesaidia shule na huduma ya maji katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Huko Diani, msitu wa Kaya Kinondo ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Somo la sayansi, hesabu, historia na Kiswahili linaweza kufunzwa kwa siku moja chini ya mkoko mmoja: jina lake, hesabu ya miche, faida ya mizizi yake kwa samaki, na hadithi za wazee kuuhusu.

Hatari ni kwamba mtaala mpya unaweza kumezwa na desturi ya zamani. Mzazi wa Ukunda anapoagizwa achapishe picha ya mkoko kwenye duka la kompyuta ili mwanawe aibandike daftarini, wakati mikoko yenyewe iko mwendo mfupi kutoka hapo, umilisi umegeuzwa karatasi tena. Mwalimu anapojaza majedwali ya tathmini usiku kucha bila kumsikiliza hata mtoto mmoja akisoma, cheti kimerudi kwa jina jingine. Isitoshe, janga la korona lilionyesha mwaka 2020 kwamba masomo yakihamia redioni, runingani na mtandaoni, mtoto asiye na umeme wala simu nyumbani huachwa nyuma hata mtaala ukiwa mzuri namna gani.

Zipo pia sababu za kiuchumi ambazo mwalimu hawezi kuzipuuza. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilisambaratika mwishoni mwa miaka ya 1980. Utalii wa Diani umeyumba mara kadhaa: baada ya ghasia za Likoni na Kwale za mwaka 1997, baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, na tena mwaka 2020. Uchimbaji wa madini ya titani, ulioanza mwaka 2013, ulikoma Desemba 2024. Kijana aliyeandaliwa kwa kazi moja tu na cheti kimoja tu huzama kila kazi hiyo inapozama. Aliyefunzwa kufikiri, kusoma mwenyewe na kujieleza vyema anaweza kuanza upya. Hapo ndipo tofauti ya mwanachuo na mwanachuoni inapokuwa suala la riziki.

Hitimisho

Kaunti ya Kwale, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 866,820, imejitahidi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali ya kaunti imejenga vituo vingi vya chekechea na kutoa fedha za karo chini ya kaulimbiu ya Elimu ni Sasa. Juhudi hizo zinastahili pongezi, kwani mtoto asiyefika shuleni hawezi hata kulalamikia mafunzo duni. Lakini fedha hufungua mlango tu. Anayeketi ndani na mtoto ni mwalimu.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu yasiyohitaji tume mpya. Kwanza, mwanachuo wa Kiswahili apimwe kwa kusoma: asome riwaya nzima, aketi mbele ya wenzake na mwalimu, aulizwe na ajibu, kama mtoto wa chuo cha kale alivyosoma wazee wakisikiliza. Mtihani wa namna hiyo hauna mwongozo, wala akili unde haiwezi kuufanya kwa niaba ya mtu. Pili, kila anayetumwa Kwale kwa mazoezi ya kufundisha aende na daftari la msamiati wa mahali alipo, awaulize wavuvi, wakulima na mama za watoto, na daftari hilo litahiniwe kama andalio la somo linavyotahiniwa. Bamvua lisingempita. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vishirikiane na vyuo vya ualimu vya pwani, ili utafiti kuhusu Chidigo, Chifundi na Kivumba uwafikie walimu wa Gredi ya 1 badala ya kuishia katika rafu za maktaba.

Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama mti bila matunda. Mwalimu wa chuo hana uwezo wa kubadilisha sera ya taifa wala bei ya korosho. Ana fomu moja ya tathmini, kalamu moja, na mwanachuo mmoja aliyesimama mbele ya darasa. Siku atakayomwambia, ‘Rudi kwa yule mtoto umwombe akueleze bamvua ni nini, kisha ufundishe somo hili upya kesho,’ atakuwa hajamwangusha wala hajamhurumia. Atakuwa amemwanzishia safari ya silabi moja.